SOMO: Vigawo, vigawe na namba tasa (soma hadi mwisho kabla ya kuniuliza)

Kila shule zikifunguliwa naulizwa lilelile: "Mwalimu, 51 ni tasa?" Naandika mara moja tu.

Majina kwanza. 6 ni kigawo cha 84 kwa sababu inaigawa bila baki. 84 ni kigawe cha 6. Herufi moja hiyo ya mwisho imewanyang'anya watoto alama nyingi.

1. Vigawe: zidisha kwa 1, 2, 3 na kuendelea. Vya 7 ni 7, 14, 21, 28... havina mwisho.

2. Vigawo: tafuta kwa jozi. 84 ni 1×84, 2×42, 3×28, 4×21, 6×14, 7×12. 8 na 9 hazigawi, na 10×10 imeshapita 84, kwa hiyo simama. Viko 12. Anayeokotaokota bila jozi lazima asahau 28.

3. Namba tasa ina vigawo viwili tu: 1 na yenyewe. Kuipima, igawe kwa tasa zilizo ndogo: 2, 3, 5, 7, 11... Usihangaike na 4 wala 6. Kama 2 imegoma, nazo zitagoma. Kwa 3, jumlisha tarakimu: 51 ni 5+1=6, na 3 inagawa 6, basi inagawa 51 pia. Ni 3×17. Nimeshajibu.

4. Pa kusimama. Hapa niliaibika. Mwaka wangu wa kwanza wa tuisheni niliandika ubaoni kwamba 289 ni tasa. Nilikuwa nimegawa kwa 2, 3, 5, 7, 11 na 13. Nikajua kipeuo chake cha pili ni 17, nikasema zilizo chini ya 17 zimeisha, kazi imekwisha. Binti mmoja akatoka nyuma, akachukua chaki, akaandika 17×17, akarudi kukaa bila neno. Darasa halikucheka, na hilo ndilo lililoniuma.

Kwa hiyo: ile tasa unayotaka kugawia, izidishe kwa yenyewe kwanza. Jibu likiwa chini ya namba yako, gawa. Likiwa SAWA, hiyo namba si tasa, imekwisha. Likizidi, ndipo usimame. Mfano 397: 19×19 ni 361, bado gawa, 23×23 ni 529, imezidi. Kuanzia 2 hadi 19 hakuna iliyogawa, basi 397 ni tasa.

ONYO: 221, 323 na 2021 zina sura ya tasa. Ni 13×17, 17×19 na 43×47. Msiamini sura.

MzaziMwenzenu: Mkuu vigawe vya 24 ni vipi? Haraka, mtoto anasubiri.

Mwandishi: Hatua ya 1. Ina mstari mmoja.

Kidato_cha_Kwanza: Kwani 1 si tasa? Inagawanyika kwa 1 na kwa yenyewe.

Mwandishi: Hesabu vigawo vyake: ni kimoja, si viwili. Na kuna sababu nzuri. 12 ukiivunja kwa tasa unapata 2×2×3, njia moja tu. Tukiiruhusu 1, utaandika 1×2×2×3, 1×1×2×2×3, hadi daftari liishe. Endelea kuuliza hivyo.

Mpwa: Umesahau njia ya Eratosthenes, yule Mgiriki wa Kirene, Libya ya leo. Andika 2 hadi 100, kata vigawe vya 2, vya 3, vya 5, vya 7, ila zenyewe uziache. Zinabaki tasa 25.

Mwandishi: Sikusahau, nilichoka. Ila asante. Na mnaona kwa nini anaishia 7? 11×11 ni 121.

Chapchap: Kikokotoo kipo kwenye simu, ya nini yote haya?

Mwandishi: Kaingie nacho kwenye mtihani wa darasa la saba, kisha uje utusimulie.

FundiVigae: Mimi sikumaliza shule. Chumba ni sentimita 420 kwa 360, nataka kigae cha mraba kikubwa kabisa bila kukata. Ndiyo mambo haya?

Mwandishi: Ndiyo haya hasa, fundi. Tafuta vigawo vya zote mbili, chukua kikubwa wanachoshirikiana: 60. Saba kwa sita, vigae 42.

FundiVigae: Na nafasi ya grauti, ile ya kujaza kati ya kigae na kigae, mwalimu?

Mwandishi: ...Hapo umenipata. Kata kigae cha ukutani.