Jinsi ya kufunga kamera ya kuangalia CNC nyumbani kwa kutumia simu ya zamani

CNC yangu, yaani mashine ya kuchonga mbao inayoongozwa na kompyuta, ipo bandani nyuma ya nyumba, hapa Dar, nachonga nakshi za milango na vichwa vya vitanda. Kazi moja ya mninga inakula masaa manne, matano, sasa nani akae mule na vumbi lote lile anaikodolea macho? Ndo nkafunga kamera. Ila niseme mapema, mi huwa nipo hapo hapo uani, siwashi mashine halafu naenda Kariakoo, maana biti (kile kisu kinachozunguka na kukata) ikiwa butu inasugua mbao badala ya kukata, inapata moto, na kale kacheche kakifyonzwa na mashine ya vumbi kanaenda kuwasha pipa zima la unga wa mbao.

1. Simu. Android yoyote ambayo kamera yake bado nzima, kioo kikiwa kimepasuka haina shida. Angalia betri tu, kama imeanza kuvimba mgongo achana nayo, maana hii itakaa kwenye chaji muda mrefu. Weka app ya IP Webcam, ndo inaigeuza simu kuwa kamera ya kuangalia kwa wifi.

2. Mahali pa kufunga. Hapa ndo penye kazi. Mi mara ya kwanza nilifunga kwenye lile daraja linalobeba spindo (mota inayozungusha biti), nikajua itakuwa inaifuata biti vizuri, kumbe picha inatetemeka kama ya mtu anarekodi akiwa nyuma ya bodaboda, na siku ya pili skrubu ikalegea yenyewe simu ikadondoka juu ya mbao mashine inatembea, bahati biti ilikuwa ishapita ule upande. Kwa hiyo usifunge kwenye mashine, wala kwenye meza ya mashine. Funga ukutani au kwenye boriti ya paa.

Umbali mita moja hivi, juu kidogo, ikiinama kama nyuzi 45. Ukiiweka juu kabisa spindo yenyewe inaziba biti, unabaki unaangalia mgongo wa mota. Na iwe upande ambao bomba la vumbi halipo. Kabla hujatoboa ukuta mshikishe mtoto simu pale unapopataka, halafu peleka spindo kona zote nne za meza, kote uone ncha ya biti inapogusa mbao.

3. Kishikio. Plaiwudi ya milimita 12, ukate na CNC yenyewe, si ipo? Mi nimeweka kipande cha tyubu ya baiskeli kati ya kishikio na ukuta kupunguza mtikisiko.

4. Vumbi. Simu ikae ndani ya kiboksi chenye plastiki angavu mbele. Usikizibe chote, kwa joto la huku simu itazima yenyewe, toboa matundu chini, sio juu. Plastiki ikichafuka usiifute na kitambaa kikavu, ukisugua hivo inapata umeme tuli na kuvuta vumbi zaidi, tumia kitambaa chenye unyevu kidogo. Wanaotumia kamera za ulinzi badala ya simu, zimeni ile taa ya infraredi, inagonga plastiki na usiku unaona weupe mtupu.

5. Waya. Waya wa chaji usilale sambamba na waya wa spindo, ikibidi vikutane vipishane msalaba. Kwa simu sio ishu sana, ila kama unatumia webkamu ya USB iliyochomekwa kwenye kompyuta, kelele za umeme wa inveta (kile kifaa kinachoendesha mota ya spindo) zitakukatia picha katikati ya kazi, na waya wenyewe usizidi mita 5.

6. Setingi. 720p na fremu 10 kwa sekunde zinatosha, hii sio sinema. Fokasi ifunge ikae pale pale, ukiiacha otomatiki itakuwa inakimbizana na maranda yanayoruka. Kama picha inacheza mistari chini ya taa za LED, weka 50Hz. Weka nywila, kisha gusa kuanzisha sava, itakupa anwani kama 192.168.1.20:8080, iandike kwenye brauza ya simu yako nyingine mkiwa wifi moja. Ingia kwenye ruta ya wifi uifungie simu hiyo anwani moja, la sivyo siku umeme ukikatika na kurudi unaanza kuitafuta upya. Kuifungulia njia itoke nje kwenye intaneti mi sishauri.

Taa weka ubavuni, ikiwa nyuma ya biti utaona kivuli tu.

7. Jaribu. Inua spindo, endesha kazi hewani bila mbao dakika kumi, ukiwa umekaa pale utakapokuwa unakaa siku zote. Halafu pima picha inachelewa kiasi gani, mtu apige kofi mbele ya kamera wewe usikilize na kuangalia. Yangu inachelewa kama sekunde moja na nusu, na kutoka kwenye kiti changu mpaka kile kitufe chekundu cha dharura ni hatua tisa, nimezihesabu, na ndoo za maji nimezihamisha kutoka njiani.