Redio kol inapiga mluzi ndani ya lori la dizeli: ninavyoisaka kelele

Lori la miwa liliingia gereji kwangu Kisumu likitokea upande wa Chemelil, na dereva akaniita kabla hata hajazima injini. "Fundi, panda usikie mwenyewe. Humu ni nyuki tu." Redio kol yake, ile ya kupokea na kuzungumza kwa kubonyeza kitufe, ilikuwa ya VHF (masafa ya juu sana), wati 25, na kila alipokanyaga mafuta mluzi ulipanda pamoja na injini. Ilinila siku mbili. Wewe ukifuata mpangilio huu, saa moja inatosha.

Hatua ya 1: Sikiliza kwanza, spana baadaye

Dizeli haina plagi za cheche, kwa hivyo mtu akikuambia kelele ni ya plagi, mshukuru na umpite. Mluzi unaopanda na kushuka na injini, mshuku alteneta (jenereta ya injini inayochaji betri) au njia ambayo umeme wake unapitia. Mvumo usiobadilika hata injini ikizimwa ni wa taa za LED, konvata (kifaa kinachoshusha volti 24 za lori hadi 12 za redio), au chaja ya simu. Acha swichi ya lori ikiwa imewashwa, chomoa fyuzi moja moja, na usikilize. Chaja za bei ya chini za kuchomeka kwenye kiberiti cha gari nimeshazitupa nyingi mno. Anza nazo.

Hatua ya 2: Jua kelele inaingilia mlango gani

Fungua kabisa kile kitufe cha kunyamazisha mvumo, kisha chomoa antena. Kelele ikifa, ilikuwa ikiingia kwa antena. Ikibaki, inakuja na waya za umeme. Usibonyeze kitufe cha kuzungumza antena ikiwa nje, utaunguza redio.

Kisha azima betri ya boda boda, ambayo ni ya volti 12, uiwashie redio peke yake bila kugusa umeme wa lori. Redio ya lori hili ilipowekewa betri ya boda, ikanyamaza kabisa. Nikasema basi, ni konvata. Hapo ndipo nilipopotea. Kipimo hiki kinakuonyesha njia tu, mwizi bado humjui.

Hatua ya 3: Alteneta

Weka mita kwenye volti za AC (umeme wa kupishana), pima kwenye betri injini ikinguruma na taa zikiwa zimewashwa. Mimi nikiona imepita nusu volti, naifungua alteneta nikague dayodi, vile vipande vinavyogeuza umeme wake uwe wa kufaa betri. Hii yetu ilikuwa safi.

Hatua ya 4: Arthi ya kabini (njia ya umeme kurudi betri)

Nilibadilisha konvata. Mluzi uko palepale. Nikabadilisha tena, nikaweka ya bei kubwa yenye kasha la chuma. Mluzi. Nikainua kabini ili nifuatilie waya, nikawasha injini, na redio ikanyamaza. Nikashusha kabini, nyuki wakarudi. Tanboi, msaidizi wa dereva, akacheka akasema lori limerogwa.

Kabini ya lori haikai juu ya chasisi chuma kwa chuma. Imekalia raba. Umeme wa taa, waipa na feni ya kabini unarudi kwenye chasisi kupitia mkanda mmoja wa waya uliosukwa, mara nyingi uko karibu na bawaba za mbele au nyuma ya injini. Mkanda huo ukikatika, umeme hausimami. Hutafuta njia nyingine, na kwenye lori hili njia ilikuwa waya hasi wa redio uliokwenda moja kwa moja hadi betri. Takataka zote za alteneta zikawa zinapita mlangoni kwa redio. Ndiyo maana betri ya boda iliponyamazisha kelele haikuwa imemshika konvata: ilikuwa imekata hiyo njia tu.

Mkanda wenyewe kwa macho ulikuwa mzima. Nilipouvua ule mpira wa juu, ndani mlikuwa na unga wa kijani na nyuzi tatu au nne zilizobaki. Udongo mweusi wa uwanda wa Kano hushika maji wiki nzima, na lori la miwa hulala humo. Kabini ikiinuliwa mkanda ulijipinda, nyuzi zikagusana, kila kitu kikawa sawa. Ikishuka, zinaachana.

Na usiniletee kipimo cha ohm hapa. Mkanda niliupima hivyo siku ya kwanza nikapata karibu sifuri, kwa sababu uzi mmoja unatosha kuidanganya mita. Pima volti ikiwa na mzigo: washa taa kubwa, feni na waipa, injini ikinguruma, kabini ikiwa chini. Waya mmoja wa mita kwenye chuma kitupu cha kabini, mwingine kwenye hasi ya betri. Ikipita volti 0.2, arthi ni mbovu. Yetu ilisoma zaidi ya volti moja.

Kabla ya kuingia chini ya kabini iliyoinuliwa, funga komeo lake la usalama, na toa hasi ya betri. Weka mkanda mpya mnene. Sugua pande zote mbili kwa msasa hadi chuma king'ae, maana mafundi wa bodi hupaka rangi hata mahali pa bolti. Kaza, ndipo upake girisi juu. Kama una nafasi weka mikanda miwili, kila upande mmoja. Mimi sasa huweka miwili bila kuulizwa.

Hatua ya 5: Waya za redio

Kutoka betri moja kwa moja hadi konvata, fyuzi karibu na betri. Usiibe volti 12 kwenye betri moja kati ya zile mbili zinazounganishwa kutoa 24 za lori: moja itachajiwa kupita kiasi na mwenzake atakufa njaa.

Hatua ya 6: Vichujio

Vile vipande vyeusi vya feraiti vya kubana waya ni vya mwisho, kwa kelele ndogo iliyobaki. Anayeanza navyo anapaka poda juu ya jipu.

Mwishowe bonyeza kitufe cha kuzungumza ukitazama dashibodi. Mishale ya geji ikiruka, sogeza kebo ya antena mbali na waya za gari.

Zile konvata mbili ziko bado kwenye rafu yangu. Mwenye lori alikataa kuzilipia, na sikubishana naye.