Kabla hujamwandikia mheshimiwa, kaa chini kwanza

Tangu 2017 nimeandikia waheshimiwa barua kama sita hivi na kusema ukweli tatu za kwanza niliharibu karatasi tu. Sio ati hawakuzisoma, moja mbunge mwenyewe alinipigia simu, tukacheka vizuri, akasema "tutaangalia hiyo maneno", mwaka ukaisha. Dispensari yetu ilikuwa haina maji, akina mama wakija kujifungua wanaambiwa waje na mtungi wao, na mimi mkubwa niliyekuwa namjua ni mbunge basi nikamwandikia yeye. Kumbe dispensari si yake.

Kwa hivyo kabla hata hujatafuta kalamu, jua hilo jambo ni la nani. Hapa Kenya Katiba ya 2010 iligawa kazi kati ya serikali kuu na kaunti, ukitaka kuona kwa macho yako fungua Jedwali la Nne. Dispensari, maji, chekechea, masoko, barabara za huku mashinani, hizo ni za kaunti, mtu wako ni MCA, yaani mjumbe wa wadi yenu kwenye bunge la kaunti. Polisi, shule za msingi na sekondari, barabara kuu, hiyo ni serikali kuu, nenda kwa mbunge. Seneta kazi yake ni pesa zinazoshuka kaunti, na kamati ya Seneti inaweza kumwita gavana aje ajieleze, hii watu wengi hawaitumii wanamuona seneta kama mtu wa matanga na harambee tu. Na usije na ile ya "mbunge atoe kwa CDF", ule mfuko wa maendeleo wa eneo bunge, sheria ya 2015 iliifunga ifanye kazi za serikali kuu peke yake, madarasa, basari, ofisi za chifu, vituo vya polisi. Ukimwomba akuchimbie kisima cha dispensari unamtafutia maneno na mkaguzi wa hesabu, na yeye badala ya kukwambia hapana atakwambia tutaangalia.

Halafu kuna kalenda, na hapa ndio barua nyingi hufia. Barua yangu ya nne nilipeleka kwa mtu anayefaa kabisa, MCA, mwezi wa 5, akaniangalia kwa huruma akaniambia ndugu yangu umechelewa. Sikuelewa, nikadhani ananizungusha. Iko hivi, mwaka wa pesa wa serikali unaanza tarehe 1 Julai, lakini pesa za mwaka huo zinaanza kupangwa karibu mwaka mzima kabla. Kaunti inatakiwa kupeleka mpango wake wa maendeleo wa mwaka kwenye bunge la kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba, ikifika mwisho wa Februari inapeleka karatasi inayosema kila idara itapata kiasi gani, na makadirio yenyewe ya bajeti yanaingia kabla ya Aprili kuisha. Sasa wewe unakuja mwezi wa 5 na tangi lako la maji, ili liingie lazima kitu cha mtu mwingine kitolewe, na huyo mwingine ako na watu wake pia. Kama unataka kitu kijengwe, barua iende mwezi wa 7 au wa 8, kabla mpango haujafungwa, halafu wale wale watu mliosaini mwende kwenye kikao cha umma cha bajeti wakitangaza, manake wakitangaza huwa ni siku chache tu kabla. Kama jambo lenu si la pesa, mfano mnataka sheria ibadilishwe au ofisi fulani ijibu swali, angalia tu kama bunge liko kwa vikao, usipeleke wakati waheshimiwa wako likizo.

Jambo lingine, amua unataka afanye nini kwa mikono yake. "Tunaomba utusaidie" si kitu, hata mimi ukiniandikia hivyo nitakujibu sawa na nitalala. Anaweza kuuliza swali bungeni, anaweza kuleta hoja, anaweza kusukuma kitu kiingie kwenye bajeti ya wadi, anaweza kuwasilisha ombi lenu rasmi, anaweza kuja kuona. Chagua moja, mbili zikizidi, na uiweke juu kabisa ya barua. Tulifundishwa shuleni kuanza na salamu sufufu, u buheri wa afya, ningependa kuchukua fursa hii adhimu, yaani aya nzima mtu hajajua umekuja na nini. Mheshimiwa mwenyewe mara nyingi sio wa kwanza kusoma, kuna kijana pale ofisini anafungua bahasha hamsini, huyo ndiye unamwandikia kwanza, na anataka kujua kwa mstari wa pili kama hii ni basari, ni mazishi ama ni nini. Ukurasa mmoja unatosha.

Ushahidi uwe tayari kabla ya barua sio baada. Sisi tulikaa na daftari pale dispensari wiki mbili tunaandika siku ambazo bomba lilikuwa kavu, daftari la shilingi arobaini tu, na hilo ndilo lilifanya kazi kuliko maneno yangu yote. Kama taarifa iko serikalini, kwa mfano unataka kujua mwaka jana kulitengwa pesa ngapi, iombe kwa maandishi, sheria ya 2016 ya kupata habari inawapa siku 21 wakujibu. Hata wasipokujibu, hiyo nayo ni ya kuweka kwenye barua.

Mkiona barua ya kawaida haitoshi kuna ile tunaita petisheni, na hiyo usikurupuke nayo. Kifungu cha 119 cha katiba kinampa kila mtu haki ya kulipelekea Bunge ombi, na kwa kaunti sheria ya 2012 ya serikali za kaunti inakupa haki hiyo hiyo kwa bunge la kaunti. Lakini ina masharti na karani wa bunge akikuta umekosea inarudi. Kwa ile ya Bunge, iwe imeandikwa kwa lugha ya heshima, isiwe imekatwakatwa na kuandikwa juu juu, kama ni karatasi zaidi ya moja kila moja iseme ombi linahusu nini. Useme mlishajaribu wapi na mlijibiwaje, useme pia kama jambo liko kortini, na mwisho uweke wazi mnachoomba. Halafu majina, anwani, namba za kitambulisho, na saini au kidole gumba. Na inaweza kuwa kwa Kiswahili! Sheria inasema Kiingereza au Kiswahili, nimeona wazee wanalipa mtu wa saiba, pale kwa kompyuta za kulipia, awaandikie Kiingereza kibovu hali Kiswahili chao kingesimama chenyewe.

Hizo namba za vitambulisho sasa, jiandae, watu watakataa. 2021 Wakenya wengi walifungua mtandao wakajikuta ni wanachama wa vyama vya siasa ambavyo hawajawahi kusikia, tangu hapo ukisema lete ID mtu anarudi nyuma hatua mbili. Ana haki. Usikusanye kwenye grupu la WhatsApp ambapo kila mtu anaona namba ya mwenzake, tembea na karatasi nyumba kwa nyumba, msomee mtu ombi lote kwanza ndio asaini, na usichukue kopi ya kitambulisho kama haujaambiwa inahitajika. Inachosha lakini saini 80 za watu wanaojua walisaini nini ni bora kuliko 500 za watu ambao wakipigiwa simu wanasema mimi sijui hiyo kitu.

Na uangalie nani anasaini juu. Kila wadi ina mtu anayetaka kiti 2027, na atakuja na kalamu yake na pengine atajitolea kulipia uchapishaji. Akisaini wa kwanza, MCA aliyeko hasomi tena maji, anasoma kampeni. Asaini kama mkaazi, katikati huko.

Ile ya kumwagia mtu meseji kwa wingi, kweli tuliona Juni 2024 kwa mswada wa fedha, simu za wabunge zilijaa, na tarehe 26 rais akakataa kuutia saini. Lakini hapo kulikuwa na nchi nzima barabarani. Kwa tangi la maji ukimtumia MCA meseji 200 zinazofanana herufi kwa herufi atakublock tu na maisha yaendelee.

Siku ya kupeleka, beba kopi mbili. Moja wanabaki nayo, ya pili wanapiga muhuri wa kupokea na tarehe, hiyo unarudi nayo nyumbani uifiche kama hati ya shamba. Emeili tuma pia, lakini muhuri ndio mtu hawezi kusema haukufika. Namba ya simu kwenye barua iwe ya mtu atakayekuwepo, sisi tuliweka ya katibu wetu, akapata kazi Saudia, laini ikazimwa, ofisi ikatutafuta miezi miwili tukidhani wametupuuza.

Barua ya tano tulipeleka mwezi wa 8, MCA, daftari, saini, muhuri, yote. Tangi lilikuja, la lita elfu kumi. Mabomba ya kutoka tangini mpaka wodi ya wazazi hakuna aliyekumbuka kuyaandika, hata sisi wenyewe, kwa hivyo barua ya sita ndio hii iko mezani na safari hii nimeandika mpaka idadi ya koki.