Jinsi ya kujua mwanamuziki au bendi ni ya nchi gani

Mimi kazi yangu kujaza nyimbo kwenye flashi hapa Malaba upande wa Uganda, wateja wengi ni madereva wa trela wanaosubiri foleni ya kuvuka mpaka, na mafolda nimeyapanga kwa nchi. Juzi mzee mmoja kafungua folda ya Uganda kamkuta mwimbaji Jose Chameleone, akaniuliza, kijana, huyu si Mkenya huyu, mbona anaimba Kiswahili? Tukabishana mpaka foleni ikasogea akakimbilia trela yake bila hata kulipa. Basi naandika navyofanya.

Lugha weka kando kabisa. Chameleone kweli aling'aria Nairobi, alirekodi kwenye studio ya Ogopa ya huko, lakini ni mtoto wa Kampala, kwisha.

Ikiwa ni bendi, usianze kuuliza nani alizaliwa wapi maana utapotea. Uliza ilianzishwa wapi na ilikuwa inapatia ugali wake mji gani. Queen ni ya Uingereza ijapokuwa Freddie Mercury alizaliwa Zanzibar 1946 (ndugu zangu wa visiwani mtanuna tu), AC/DC ni ya Australia na wale ndugu Angus na Malcolm Young walizaliwa Glasgow, Scotland. Bendi ya Afrigo haina kesi, Kampala tangu 1975.

Kazi iko kwa bendi za Wakongo. Orchestra Makassy ilianzia Kampala, enzi za Amin wakahamia Dar, halafu Nairobi, mimi nimeihamisha folda mara tatu sasa iko Tanzania na nimechoka. Hapo unaangalia jina lao lilikua wapi. Samba Mapangala katoka Kongo, kapita Kampala, bendi yake Virunga ikasimama Nairobi, kwa hiyo Virunga ni ya Kenya ila yeye mwenyewe asili yake Kongo, bendi na mwimbaji si lazima walale folda moja. Mwimbaji Remmy Ongala alizaliwa Kindu kule Kongo, lakini alibaki Dar mpaka kifo chake 2010, jaribu kumwambia Mtanzania eti Remmy si wao uone.

Waliochanganyika kwa makusudi andika nchi zote, kama kundi la East African Bashment Crew, Bebe Cool wetu na Nazizi na Wyre wa Kenya.

Kwa mtu mmoja mmoja tofautisha uraia na asili. Katiba yetu ya 1995 inamhesabu raia wa kuzaliwa hata aliyezaliwa nje, mradi mzazi wake au babu au bibi yake alikuwa raia wa kuzaliwa wakati yeye anazaliwa. Sasa mwimbaji Michael Kiwanuka, kazaliwa London na wazazi waliomkimbia Amin, kwa hesabu hiyo watu wanataka nimweke Uganda. Hapana. Kakulia kule, muziki kaufanyia kule, 2020 kachukua tuzo ya Mercury ambayo ni ya wasanii wa Uingereza na Ireland. Naandika Uingereza, pembeni naongeza asili ya Uganda.

Aliyenishinda ni mwimbaji Geoffrey Oryema. Kazaliwa Soroti hapa Uganda 1953, baba yake waziri akauawa 1977, yeye akavushwa kwenda Kenya kafichwa kwenye buti ya gari, akaishi Ufaransa mpaka alipofia huko 2018, na muda wote huo anaimba Kiacholi, lugha ya kwetu Uganda. Huyo nimemkopi mara mbili, Uganda na Ufaransa. Folda ya Ufaransa haikuwepo, niliifungua kwa ajili yake, na mpaka leo yumo peke yake.