Wazee wa gemu wamerudi na bakuli: jinsi ya kuwapima kabla hujachanga

Kila baada ya muda anatokea mzee mmoja wa gemu, ndevu zishaingia mvi, anakaa mbele ya kamera na nyuma yake kuna kabati limejaa maboksi ya gemu za miaka ya 80 na 90, anaanza: mnakumbuka zile RPG za kizamani (gemu za kuigiza mhusika ndani ya hadithi ndefu), zile zenyewe, basi mimi ndo nilozitengeneza, na sai nataka kutengeneza nyingine ila makampuni makubwa hayataki kunisikiliza, kwa hivo nichangieni nyinyi mashabiki. Na sisi huku moyo unalainika papo hapo, mkono ushafika kwa simu kuangalia M-Pesa kuna ngapi.

Subiri kwanza. Mimi sisemi wote ni matapeli, wengine wametoa gemu tamu sana na ntawataja. Nasema kuna njia ya kuwapima, na haichukui zaidi ya jioni moja.

Hapa Malindi wengi wako kwa kibanda cha PS wanapigana FIFA, sisi wa RPG ni wachache na wengi wetu tuko na laptopu za mtumba zisizokuwa na kadi ya grafiki ya maana. Ndo maana tumeangukia hizi za kizamani, manake Fallout ya 1997 na Baldur's Gate ya 1998 zinakimbia hata kwa mashine ambayo feni yake inalia. Kwa hivo tukisikia mzee flani anarudi tunakuwa wa kwanza kushabikia, na dola 25 ya mchango ambayo kwa watu wa Ulaya na Marekani ni chakula cha mchana, kwetu ni elfu tatu na zaidi. Hio ni pesa ya kufikiria.

Kwanza kabisa, futa jina. Soma ukurasa wa kampeni yake ya mchango kama vile imeandikwa na mtu usiyemjua kabisa, kijana wa Ngala huko hajawahi kutengeneza kitu. Alafu jiulize: hii gemu inahusu nini? Unacheza kama nani, vita inakwendaje, ulimwengu wake ukoje, picha ya gemu yenyewe iko wapi? Kama ukitoa jina la mzee hakubaki kitu isipokuwa kumbukumbu zako za utotoni, basi unaombwa ununue kumbukumbu zako mwenyewe.

Mfano mzuri kushinda wote ni Oktoba 2012. Brenda Brathwaite na Tom Hall walifungua kampeni Kickstarter, ule mtandao wa kuchangisha pesa, wakitaka dola milioni 1. Ukiangalia majina huwezi kuwadharau hata kidogo, Brenda alianza kazi na watu wa Wizardry, nayo ni RPG ya kizamani, mwaka 1981 akiwa na miaka 15 tu, na Tom Hall ni mmoja wa waanzilishi wa id Software, ile ya Doom, na baadae akafanya Anachronox ya 2001. Lakini gemu yenyewe waliiitaje? Waliiita "Old School RPG". Basi. Ndo jina hilo. Habari za hadithi na ulimwengu wake zilikuja kuongezwa baadae kampeni ikiwa ishaanza kuchechemea, ikapewa na jina Shaker, lakini watu walikuwa washauliza maswali, mbona tunaombwa milioni kwa kitu ambacho hata nyinyi hamjaamua ni nini. Pesa hazikufika hata nusu, na mwezi huo huo wakaifunga wenyewe. Walifanya la heshima kuifunga, hilo nawapa.

Sasa angalia wenzao. Mwezi huo huo, mtandao huo huo, mashabiki wale wale, studio ya Obsidian walikuwa na kampeni yao ya Project Eternity, walitaka milioni 1.1, wakaipata ndani ya siku moja na masaa kidogo, wakamaliza na karibu milioni 4. Hapo kila kitu kilikuwa wazi: kundi la watu sita unawaangalia kutoka juu kwa mshazari, vita unaisimamisha utoe amri alafu iendelee, kama Baldur's Gate na Planescape: Torment. Na kubwa zaidi, walikuwa na studio nzima iko kazini, Fallout: New Vegas yao ilikuwa imetoka 2010, yaani mkono ulikuwa bado una joto. Ndo gemu ikaja kuitwa Pillars of Eternity ikatoka Machi 2015.

Kwa hivo watu hawakuwa wamechoka na wazee wala na gemu za kizamani, walichokataa ni kutoa pesa kwa wasifu wa mtu. Wale wanaosema mashabiki wenye maswali wanaua ubunifu huwa siwaelewi, maswali yale yangefaa kuulizwa mara nyingi zaidi.

Jambo la pili ni kufungua MobyGames, huko kuna orodha ya nani alifanya nini kwa kila gemu. Tafuta jina la mzee wako na uangalie mambo mawili tu: kwenye ile gemu ya sifa alikuwa nani hasa, na mara ya mwisho kumaliza RPG ni mwaka gani. Utashangaa. Mwingine anajinadi na gemu kubwa kumbe alipita tu pale, mwingine kweli aliiongoza lakini ni miaka ishirini iliyopita na tangu hapo amekuwa akitengeneza gemu za simu za kubonyeza bonyeza. Alafu angalia waliokuwa naye. Nahodha hata awe hodari vipi, bila wale mabaharia waliokuwa wakivuta foromali hafiki hata Mambrui, na mabaharia wa zile gemu za 90 wametawanyika, wengine washastaafu, wengine wako kwa makampuni yale yale makubwa ambayo mzee anayatukana kwa video.

Richard Garriott ndo mfano unaoniuma. Huyu ni baba wa Ultima, ule mfululizo wa RPG za kizamani, hakuna jina kubwa kuliko lake kwenye hii fani, mtu aliyelipa pesa zake mwenyewe 2008 akapanda roketi ya Warusi kwenda anga za juu (sisi tuna kituo cha roketi hapo Ngomeni na hatujapanda hata moja). Mwaka 2013 akaomba milioni 1 ya Shroud of the Avatar, akapewa zaidi ya 1.9, gemu ikatoka rasmi 2018 na wengi hawakuipenda, mwaka uliofuata ikakabidhiwa kampuni nyingine. Wale wa Ultima Underworld ya 1992 nao walirudi 2015 na Underworld Ascendant, ikatoka Novemba 2018 ikiwa imejaa kasoro, hata kusevu ilikuwa mtihani.

Upande wa pili weka studio ya Larian. Mwaka 2013 hakuna aliyekuwa akiwaita magwiji, lakini walikuwa hawajaacha kufanya RPG tangu Divine Divinity ya 2002, na kwenye kampeni walionyesha gemu inachezwa, sio mzee anaongea. Waliomba laki nne, wakapata zaidi ya laki tisa, Divinity: Original Sin ikatoka Juni 2014. Hao hao ndo waliokuja kupewa Baldur's Gate 3. Kwa hivo ukiniuliza mimi, mtu asiye na jina ambaye gemu yake ya mwisho ni ya juzi namuamini kuliko gwiji ambaye yake ya mwisho ilikuja kwa diski za flopi.

Na angalia pia kama gwiji mwenyewe ni mwenye kampuni au ameitwa tu. Unsung Story ya 2014 ilibeba jina la Yasumi Matsuno, yule wa Final Fantasy Tactics, lakini waliochukua pesa walikuwa kampuni ya Playdek, na 2017 mradi mzima ukahamishiwa kwa wengine kabisa. Waliochanga kwa ajili ya Matsuno wakajikuta wanadai kwa watu wasiowajua.

Sasa hesabu, na hapa naomba utoe kalkuleta kweli. Huko Marekani enzi za kampeni hizo wenyewe wa gemu walikuwa wakipiga hesabu ya kama dola 10,000 kwa mtu mmoja kwa mwezi, mshahara, bima, ofisi, kila kitu. Chukua kampeni ya milioni 1. Kickstarter wanakata asilimia 5, wanaopitisha malipo nao wanakata chao, ukitoa na gharama za zawadi za fulana na maboksi walizoahidi wachangiaji, sema imebaki laki tisa na hapo nimewahurumia. Timu ya watu 15 inakula laki moja na nusu kwa mwezi. Miezi sita pesa imekwisha. RPG ndefu inachukua miaka miwili, mitatu. Miezi iliyobaki wanakula nini?

Jibu linaweza kuwepo, na ukilipata ni dalili nzuri. Larian walitia pesa zao na za kukopa juu ya zile za mchango, nusura wafilisike. Wasteland 2 ya Brian Fargo ilichangiwa karibu milioni 3 mwaka 2012 alafu wakaanza kuiuza kabla haijaisha ili wapate za kumalizia. Lakini kampeni inayosema tutatengeneza ulimwengu mkubwa wa masaa mia kwa laki tano na haisemi nyingine inatoka wapi, hio ama watu wake hawajui hesabu ama wanajua na wamekuficha, na sijui ipi ni mbaya zaidi.

Tarehe usijisumbue nayo sana, ongeza tu. Wasteland 2 iliahidiwa Oktoba 2013 ikaja Septemba 2014. Torment: Tides of Numenera iliahidiwa Desemba 2014, ikaja Februari 2017. Na hizo ni zilizofaulu! Kama huwezi kukaa miaka mitatu bila kuiulizia hio pesa, usiitoe.

Malengo ya ziada ndo mtego mwingine, yale ya tukifika milioni mbili tunaongeza mji, tukifika tatu tunaongeza rafiki wa safari, yaani mhusika wa kuandamana nawe ndani ya gemu. Kila kitu wanachoongeza ni kazi mpya kwa timu ile ile. Hio Torment ilipata zaidi ya milioni 4, na mwishoni wakaja kukata vitu walivyoahidi, marafiki wa safari wakapungua, na tafsiri ya Kiitaliano ikafutwa kabisa. Hapa mjini nadhani tunaweza kuwaelewa Waitaliano vizuri kuliko mtu yeyote pwani hii, nusu ya Casuarina na Watamu ni wao na madereva wa tuktuk wanabishana nao bei kwa lugha yao, basi fikiria umetoa pesa kwa gemu ambayo utamu wake wote ni maneno, maneno kwa maelfu, alafu unaambiwa lugha yako haipo tena. Kwa hivo changia kile ambacho kipo kwenye lengo la kwanza. Ya juu yake yahesabu kama hayapo.

Kabla hujalipa fanya jambo moja zaidi: cheza ile ya zamani yenyewe, usiku mmoja. Nyingi ziko GOG, duka la gemu mtandaoni, ni bei ya chini na wakati wa ofa zinashuka zaidi. Wizardry za mwanzo ulikuwa unachora ramani mwenyewe kwa karatasi, Ultima unazunguka dunia nzima unaandika aliyosema kila mtu, na hizo mbili hazifanani kabisa na Baldur's Gate. Mzee akisema anarudisha RPG za kizamani muulize zipi kati ya hizo. Na wewe ukichoka baada ya saa moja, ujue ulichokuwa unakipenda ni kuwa na miaka kumi na mbili, hio hakuna studio inayoweza kukutengenezea.

Haya, umepima, umeridhika, bado unataka kuchanga. Sawa. Kickstarter haikati pesa siku unayoahidi, inakata kampeni ikifungwa na lengo likiwa limefikiwa, kwa hivo ukitumia kadi ya Visa ya M-Pesa hakikisha siku hio pesa ipo na kadi inakubali, manake wengi hukwama hapo. Kabla ya kufungwa unaweza kujitoa. Ikishakatwa, ile sio duka na wewe sio mteja, gemu isipotoka huna wa kumkamata. Linganisha na Steam, ambako ukinunua gemu iliyokwisha ukaiona mbovu unarudishiwa pesa ndani ya siku 14 kama hujaicheza zaidi ya masaa mawili. Mara nyingi mimi nasubiri tu itoke, nisome wanaolalamika, alafu nainunua mwaka wa pili kwa nusu bei ikiwa ishatengenezwa makosa. Waliotaka kuiona imezaliwa washaizaa.

Na uchukue ile ya dijitali. Boksi na ramani ya kitambaa ni nzuri kwa picha, lakini usafiri hadi huku unaweza kupita bei ya gemu, alafu kuna ushuru.