Ukilazimika kutua uwanja ambao hukupanga: mambo ya ada na mapokezi Uingereza

Mnaosomea urubani au kurusha ndege ndogo Uingereza, hesabu za ada ya kutua zisiwaingie kichwani mkiwa angani jamani. Hali ya hewa ya kule inageuka chap, mawingu yanashuka, mtu badala ya kutua uwanja wa karibu anaanza kuwaza watanicharji pauni ngapi, na sijawapigia kuomba ruhusa, basi analazimisha safari. CAA, yaani mamlaka ya usafiri wa anga ya Uingereza, walichambua ajali za ndege ndogo zilizoua watu, ripoti yao ya 1997 ikasema wazi kuna ajali zingeepukika mtu angegeuza mapema, wakapendekeza viwanja visitoze kitu mtu akitua kwa dharura au akibadili uwanja. Charles Strasser wa AOPA, chama cha wamiliki wa ndege na marubani, akalivalia njuga, na viwanja zaidi ya 200 vikakubali. Ndio mpango unaoitwa Strasser Scheme huo.

Kabla hujaondoka chagua viwanja viwili vitatu vya njiani, cheki kama vimo kwenye mpango, ranwei ina urefu gani, masafa ya redio andika kwenye karatasi ya pajani. Vikubwa vya kibiashara usidhani vyote vimo, na pale kampuni za kuhudumia ndege zinaweza kuwa na bili yao pembeni.

Angani geuza wakati bado unaona chini. Kwenye redio usiseme tu unakuja kutua, sema unabadili uwanja kwa sababu ya hali ya hewa. Umepotea au umebanwa? Weka redio 121.5, masafa ya dharura, ita Pan-Pan mara tatu, yaani nina shida ya haraka, na jamaa wa kitengo cha dharura wanaosikiliza pale watakwambia uko wapi na uelekee wapi. Siku tulivu unaweza kuwaita kwa Practice Pan wakakufanyisha mazoezi, fanyeni hili kwa kweli, maana sauti inayogoma siku ya shida ni ile ambayo haijawahi kuita.

Ukishatua nenda ofisini mwenyewe usisubiri kufuatwa, eleza kilichotokea, uliza kwa heshima kama wako kwenye mpango, na ndege ikilala uliza maegesho pia. Halafu piga simu kule ulikokuwa unaelekea, usipotokea wataanza kukutafuta.

Na msisingizie mawingu kumbe mlitaka chai tu, viwanja vidogo vinaishi kwa hizo ada. Wakikutoza na kweli ulikuwa na shida, lipa, chukua risiti, usigombane na mtu wa kaunta, waandikie AOPA.