Umeumia kazini Marekani? Saa inahesabu

Saa tisa usiku, nyumba ya wazee, sindano imekuchoma kidole. Msimamizi wa zamu anakwambia nawa kwa sabuni, uendelee na wagonjwa wako. Wengi wetu tunanawa na kuendelea, maana tumelelewa kutomsumbua bosi, na zamu ya kesho tunaihitaji.

Usikubali. Marekani ina kanuni ya tangu 1991 kuhusu magonjwa yanayoambukizwa kwa damu, na inamlazimu mwajiri akupeleke kwa daktari mara moja, upimwe na upewe dawa za kinga inapobidi, bila wewe kulipa hata senti. Dawa za kuzuia VVU hazingoji meneja arudi Jumatatu: kadiri zinavyowahi ndivyo zinavyofaa, na baada ya saa 72 madaktari hawazipendekezi tena. Kanuni hiyohiyo inasema chanjo ya homa ya ini B ulipaswa kupewa bure ndani ya siku 10 za kazi tangu upangiwe kazi yenye hatari ya kugusa damu. Kama siku ya kwanza ulitia saini karatasi ya kuikataa bila kuisoma (tunajuana), bado unaweza kubadili mawazo na kuidai.

Anayesimamia hayo ni OSHA, idara ya usalama kazini iliyo chini ya Wizara ya Kazi, iliyozaliwa na sheria ambayo Rais Nixon aliitia saini Desemba 1970. Mwezi huohuo ilianza EPA, ya mazingira, na watu huzichanganya. Mvuke wa kemikali ndani ya ghala unapofanyia kazi ni wa OSHA. Moshi wa kiwanda unaoingia dirishani kwako nyumbani ni wa EPA au idara ya mazingira ya jimbo. Majimbo kama Minnesota, Washington na California yana ofisi zao za usalama kazini, na kanuni zao haziruhusiwi kuwa dhaifu kuliko za shirikisho. Ukiwa Texas au Ohio na umeajiriwa na kampuni binafsi, unashughulika na OSHA yenyewe.

Ila usidhani mkaguzi yuko njiani. Wakaguzi ni wachache, sehemu za kazi ni mamilioni, na mara nyingi wanakuja kwa sababu mtu amekufa, amelazwa, au amelalamika. Simu ya OSHA ni 1-800-321-6742. Unaweza kuomba jina lako lisifike kwa mwajiri, na sheria hii inamlinda mfanyakazi hata kama karatasi zake za uhamiaji zina walakini.

Hapa ndipo wengi wanapoangukia. Ukilalamika kisha ukafukuzwa au ukapunguziwa saa, kwa sheria ya shirikisho una siku 30 tu za kupeleka kwa OSHA malalamiko ya kulipiziwa kisasi. Siku 30 huisha ukiwa bado unashauriana na ndugu kwenye simu. Kwa hiyo kila tukio litolee taarifa kwa maandishi siku hiyohiyo, hata kwa ujumbe mfupi wa simu, upige picha, utunze nakala nje ya kompyuta ya kazini. Fidia ya kuumia ni jambo jingine kabisa, linafuata sheria ya jimbo na tarehe zake, na Texas haimlazimishi mwajiri binafsi kuwa na bima ya fidia hiyo. Uliza kabla hujaumia.

Kuna mtego mwingine: fomu ya kodi ya 1099. Ukilipwa kwa fomu hiyo umehesabiwa kuwa umejiajiri, na OSHA haimlindi aliyejiajiri. Mawakala wa usafi na utunzaji wa wagonjwa majumbani wanaipenda sana. Hata hivyo jina la fomu si neno la mwisho. Kinachotazamwa ni nani anakupangia saa, anakupa vifaa, na anakuelekeza namna ya kufanya kazi. Aliyeajiriwa na familia moja kwa moja kufanya kazi za ndani nyumbani kwao yuko nje ya ulinzi huo, na huo kwangu ni upungufu mkubwa wa sheria yenyewe.

Kwa wenye kazi za usafi: kila kemikali lazima iwe na lebo na karatasi ya maelezo ya usalama ambayo una haki ya kuiona wakati wowote wa zamu, na mafunzo yatolewe kwa lugha unayoielewa. Glavu na miwani ya kazi hununuliwa na mwajiri. Na tafadhali, dawa ya klorini usiichanganye na amonia wala na dawa ya choo yenye asidi, hata kama doa limegoma. Gesi inayotoka inachoma mapafu.

Nyumbani nako pana la kuangalia. Rangi yenye madini ya risasi ilipigwa marufuku majumbani mwaka 1978, lakini nyumba nyingi za bei nafuu ni za zamani kuliko hapo. Kabla hujasaini mkataba wa nyumba ya namna hiyo, mwenye nyumba lazima akupe kijitabu cha tahadhari na akueleze anachokijua kuhusu risasi humo. Rangi ikiwa inabanduka dirishani na una mtoto anayetambaa, mwombe daktari wake ampime damu.